Masizi ya Upande wa Pili

Kwa wiki saba Mama Kitalu alitembea na jambo moja moyoni, na jambo lenyewe lilikuwa tamu kiasi kwamba alisahau lilikuwa mali ya mtu mwingine.

Alilipata asubuhi moja mpakani, pale msitu wao unapogusana na msitu wa Mwenyekiti, kutoka kwa dada mwembamba aliyevaa buti zilizomzidi miguu. Dada huyo alikuwa mshauri wa misitu. Alitumwa kuwapitia wenye misitu mmoja mmoja, awasaidie kuiandaa miti yao kwa ukame na joto linalozidi mwaka hadi mwaka: wapi wapunguze miti ili inayobaki ipate maji, wapi wachanganye aina, wapi waache mkanda wa ardhi tupu ili moto ukija ukose pa kukanyaga. Mama Kitalu hakuwa kwenye orodha yake. Orodha iliandikwa na Mwenyekiti wa chama cha wenye misitu, na Mwenyekiti alikuwa amekata shauri kwamba waliochoma misitu ya wenzao wangoje. Lakini Mama Kitalu alimvizia mshauri njiani, akamsalimu, akambebea begi bila kuombwa, na kabla mgeni hajajua kinachoendelea alikuwa amesimama katikati ya misonobari iliyoungua.

"Hii iliungua lini?" mshauri akauliza.

"Mwaka jana, kiangazi kilipokaza. Yetu karibu yote, ya jirani kama robo. Mume wangu hataki ikatwe. Anasema anataka awe anaiona."

"Na moto ulitokea kule," mshauri akasema, akionyesha kwa kalamu upande wa Mwenyekiti. Alisema kwa sauti ya mtu anayekuambia leo ni Jumanne.

Mama Kitalu akatua begi chini. "Unajuaje?"

Mshauri akamshika mkono, akamzungusha kwenye shina. Upande unaotazama kwa Mwenyekiti, masizi yaliishia magotini. Upande wa pili, ule unaotazama ndani kwa Mama Kitalu, kulikokuwa na mizinga ya nyuki ya mumewe, gome lilikuwa jeusi kupita kichwa cha mtu mrefu.

"Wengi hudhani upande ulioungua sana ndio uliopokea moto," akasema. "Ni kinyume. Moto ukisukumwa na upepo unalipiga shina, unagawanyika, halafu unakutana tena mgongoni. Pale mgongoni pametulia, basi moto unasimama na kupanda juu. Hujawahi kujikinga nyuma ya ukuta wakati kuna mtu anachoma takataka? Moshi unakuzungukia pale pale ulipojificha. Tazama na ule. Na ule kule. Yote inasema neno moja."

Mama Kitalu aliizunguka miti kumi na miwili, akiigusa kama mtu anayekagua mifuko ya mwizi. Yote ilisema neno moja.

Mwaka mzima mumewe aliitwa Kiberiti. Mwaka mzima! Mwenyekiti aliwakusanya wanachama mbele ya miti hii hii, akagonga gome jeusi kwa fimbo, akauliza, "Mtu akiota moto, anaungua upande gani? Upande wa moto. Sasa huu mweusi unatazama wapi? Unatazama mizinga." Na ni kweli kwamba siku ile mume alikuwa amewafukiza nyuki ili avune asali. Upepo nao ulikuwa umegeukageuka tangu asubuhi, hakuna aliyeweza kuapa ulivuma kutoka wapi. Mume mwenyewe, mtu asiyeweza kubishana hata na kuku, aliyatazama masizi, akaitazama mikono yake, akaamini. Ikabidi mkewe asimame kumwombea radhi mbele ya watu zaidi ya thelathini, na alipomaliza Mwenyekiti akasema, "Mama jasiri huyu. Pale nyumbani ingefaa wewe ndiye uvae suruali." Wakacheka. Mama Kitalu alikumbuka kila aliyecheka na mahali aliposimama.

"Mafunzo ya wote ni lini?" sasa akauliza.

"Wiki saba kuanzia leo. Tutatembea msituni pamoja."

"Basi nakuomba, dada, jambo hili tusimwambie mtu. Tuwaonyeshe siku hiyo, wajifunze kwa macho yao wenyewe."

Mshauri alifurahi. Huu ulikuwa mwaka wake wa tatu kwenye kazi hiyo, na hakuwahi kukutana na mwenye msitu aliyejali mafunzo kiasi hicho.

* * *

Nyumbani alimkuta mumewe ameinama kwenye kitalu cha miche, anajaza udongo kwenye viriba. Tangu moto ule alikuwa amejigeuza kibarua wa mkewe. Dukani hakwenda tena. Mara ya mwisho alikwenda kununua chumvi, na muuza duka, akimwona anaingia, akazoa viberiti vyote vya rafu ya mbele na kuvikumbatia kifuani. Waliokuwa kwenye benchi walivunjika mbavu. Mume naye akacheka, ili asionekane mtu wa kununa, akalipa, na akaisahau chumvi juu ya meza.

"Umemwona mshauri?" akauliza bila kuinuka.

"Nimemwona."

"Anasemaje?"

Hapo ndipo mambo yangeisha. Yalihitajika maneno mawili tu: si wewe. Mama Kitalu aliufungua mdomo kabisa. Kisha akamtazama mumewe, mgongo umeinama, shingo imejaa vumbi, akayaona yote yatakayofuata. Mume ataweka kiriba chini. Atanawa mikono, atavaa shati safi, ataenda kwa Mwenyekiti na kubisha hodi kwa adabu. Watakaa sebuleni. Mwenyekiti atasema kumbe, mume atasema hakuna neno ndugu yangu, italetwa chai, na aibu ya mwaka mzima itakorogwa humo na sukari. Nani mwingine atajua? Waliocheka watabaki na kicheko chao mpaka kaburini. La. Haiwezekani. Walimvua nguo hadharani, na hadharani ndipo zitakaporudishwa.

"Anasema tusipande msonobari peke yake," akajibu. "Tuchanganye. Zipo mbegu za miti ya nyanda kavu, iliyozoea kiu."

"Vizuri. Nitaipanda mimi. Angalau nirudishe kidogo."

"Urudishe nini?"

"Nilichowachukulia watu."

Mama Kitalu aliingia jikoni akatua sufuria mekoni kwa kishindo. Mama mkwe wake alikuwa dirishani anachambua mboga. Masikio ya mama huyo yalikuwa ya kuchagua; yalisikia aliyoyataka na kuyapitisha mengine.

"Una nini leo?" akauliza. "Uso unang'aa kama wa bibi harusi."

"Nimepata habari njema, mama."

"Basi mgawie mwanangu. Ananyauka yule."

"Atapata, mama. Zake zinakuja zote kwa mpigo."

* * *

Wiki ya tatu alikwenda kwa Mwenyekiti. Ofisi ya chama ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake: meza, mhuri, kalenda ya mwaka uliopita, na kipande cha gogo kilichopigwa msasa hadi pete zake za miaka zikaonekana. Nje mlangoni nyapara wake alikuwa ananoa panga. Alipomwona Mama Kitalu aliacha kunoa, akazunguka nyuma ya nyumba bila salamu. Mama Kitalu aliliona hilo na hakulitilia maanani. Alikuwa na mtu mmoja wa kumchukia na hakutaka kugawa.

Alikalishwa kwenye benchi karibu nusu saa, huku Mwenyekiti akionekana waziwazi dirishani akisoma gazeti. Alipoitwa ndani, Mwenyekiti alisogeza karatasi zake taratibu hadi ukingo wa mbali wa meza.

"Tahadhari tu," akasema, akicheka. "Nyumba yenu ina joto."

Mama Kitalu naye akacheka, tena vizuri, hata akajishangaa.

"Nimekuja na ombi, Mwenyekiti. Siku ya mafunzo, matembezi yaanzie mpakani kwetu."

"Kwenu? Nyie hata kwenye orodha hamumo."

"Ndiyo maana. Watu waone uzembe unavyoleta hasara. Na wewe ndiye wa kueleza. Mimi nitababaika, lakini ulivyoeleza ile mara ya kwanza, na fimbo yako, hakuna aliyebaki na swali. Yule dada naye ni mgeni, ni vizuri asikie kwa anayejua."

Mwenyekiti alivimba hadi kiti kikalalamika. Akaandika kitu kwenye daftari, akapiga mstari chini yake. "Na mumeo? Haitakuwa aibu kwake?"

"Ameshazoea."

Neno hilo lilimtoka jepesi kuliko alivyotarajia. Hata Mwenyekiti aliweka kalamu chini, akachezea mhuri.

"Mwambie asidhani namchukia," akasema, na sauti ilikuwa nyingine. "Ile miti iliyoungua upande wangu niliipanda na marehemu mke wangu, kila shimo alichimba yeye. Mtu anatafuta wa kumlaumu."

Mama Kitalu hakutaka kuyasikia hayo. Hayakuwa na kazi kwake. Alikuja kutafuta mtu mwenye majivuno, na huyu alikuwa anaanza kumharibia. "Nitamwambia," akasema, akaaga. Hakumwambia.

Njia nzima alitembea akijinongonezea atakayosema siku hiyo, akibadilisha neno hili na lile, akijibu hoja ambazo hakuna aliyezitoa. Utakiona cha mtema kuni, Mwenyekiti. Utakiona mbele ya watu wako, na fimbo yako mkononi.

* * *

Mwisho wa wiki ya tano, alfajiri kabla nyuki hawajaanza kutoka, mume alimwita bondeni kwenye kijito.

"Nishikie ngazi."

Mizinga kumi na sita iliungua siku ya moto. Sita ilinusurika kwa kuwa ilining'inia juu ya maji, kwenye miti ya majani mapana ambayo moto uliipita pembeni. Nyuki hao mume alikuwa nao tangu hajaoa. Alijua kundi lenye hasira na kundi pole, lile linaloamka mapema na lile linalopenda kulala. Sasa kila tundu la mzinga lilikuwa limezibwa kwa majani, na chini alisimama mtu wa mbali na mkokoteni, mfuga nyuki aliyekubali kuja kuwachukua.

"Unawapeleka wapi?" Mama Kitalu akauliza, ingawa alishaona.

"Nimempa."

"Kwa nini lakini?"

Mume alikuwa ameshapanda. Alijibu akiwa juu, uso umefichwa na matawi. "Siwezi kuwasogelea bila moshi, na mimi moshi siushiki tena. Juzi nilijaribu. Niliangusha kila kitu, nikakaa pale nimeshika kichwa kama mtoto. Bora waende kwa mtu wasiyemtia hofu."

Mama Kitalu aliinua shingo. Maneno yale mawili yalimfika kooni kabisa. Zilibaki wiki mbili. Akisema sasa, mume atashuka ngazi hii na shati safi litavaliwa asubuhi hii hii. Na hapo, Mungu amsamehe, wazo jingine lilimjia: siku ile watakapojua kwamba mtu asiye na hatia aliacha hata nyuki wake, Mwenyekiti ataumia maradufu. Alilifukuza. Likaenda hatua mbili, likarudi, likakaa. Ngazi ikatikisika.

"Shikilia," mume akasema kutoka juu.

"Nimeshikilia."

Mume akaishusha mizinga mmoja mmoja. Kwenye mzinga wa mwisho aliweka sikio, akasikiliza, akatabasamu peke yake, akaukabidhi. Mwenye mkokoteni alishukuru sana, akaondoka haraka, akihofia mume asije akabadili mawazo. Mume akanawa kijitoni na kwenda kumwagilia miche.

Siku tatu hakula vizuri. Siku ya nne mama mkwe alimfuata Mama Kitalu jikoni, akasimama na fimbo yake.

"Mwanangu anazikwa huku anatembea," akasema, "na wewe unaimba."

Mama Kitalu alinyamaza. Kumbe alikuwa anaimba kweli.

* * *

Siku ya mafunzo walikuja watu arobaini. Walisimama mpakani kwenye jua, wengine na miavuli, wengine wamejitwika madaftari kichwani. Mume alitaka kubaki nyumbani. Mkewe alimkatalia. "Lazima uje," alimwambia, na alimfungia vifungo vya shati kwa mikono yake. Alikuja amebeba kreti la miche ya kugawa, akasimama nyuma ya wote.

Mshauri alianza vizuri. Alionyesha shina jembamba lililosongwa na wenzake, akasema miti ni kama watu kwenye bomba moja la maji. Wakizidi, wote wanakunywa kidogo na wa kwanza kuugua anawaambukiza wengine. Alisema miaka ya kiangazi kirefu haitoki, inakuja, na asiyeanza kupunguza na kuchanganya leo atakuja kukata miti mikavu. Watu waliandika. Mmoja aliuliza kama mikaratusi inafaa, wakabishana kidogo.

Mama Kitalu akainua mkono.

"Kabla hatujafika kwenye moto," akasema, "Mwenyekiti atusaidie. Huu wa kwetu tulijua vipi ulikotoka?"

Mwenyekiti hakusubiri kubembelezwa. Alipita mbele, akagonga gome. Akauliza lile swali lake, mtu akiota moto anaungua upande gani, na watu wakaitikia kwa pamoja, "Upande wa moto!" Akageuza fimbo kuelekea mahali ilipokuwa mizinga. Akaongeza kwamba bahati nzuri Kiberiti yupo leo, na ameshika miche, si kingine. Wakacheka. Mama Kitalu alizungusha macho polepole akiwahesabu: yule, na yule, na yule wa mwavuli.

Mshauri hakucheka. Alimtazama Mama Kitalu kwa muda, kama mtu anayegundua alialikwa shughuli asiyoijua.

"Mwenyekiti, samahani," akasema. "Ni kinyume." Akaeleza, kwa upole, kwa mfano ule ule wa ukuta na moshi. Watu wakaacha kuandika.

"Dada," Mwenyekiti akasema, "mimi nimekaa na miti miaka arobaini."

"Sikatai. Basi tuifuate yenyewe ituambie."

Wakaufuata moto kinyumenyume, kurudi ulikotoka. Waliingia msitu wa Mwenyekiti, shina baada ya shina, wakizunguka kila moja: chini mbele, juu nyuma, chini mbele, juu nyuma. Mwanzoni walinong'ona, baadaye hata minong'ono ikakatika. Mwenyekiti alitembea wa kwanza, haraka, kama anayetaka kuwahi mti utakaomtetea. Hakuupata. Masizi yalipungua urefu, yakapungua, hadi wakatokea kwenye uwazi mdogo ambamo hakuna jani lililoota. Udongo ulikuwa umeokwa ukawa mwekundu, duara kamili, na katikati vilibaki vipande vya matawi yaliyokatwa kwa panga.

Wote walimtazama nyapara wa Mwenyekiti, aliyekuja na msafara na sasa alikuwa ameshavua kofia.

"Ulisafiri, Mwenyekiti," nyapara akasema. "Uliniachia kazi ya kupogolea, ukasema ukirudi usikute takataka. Nikayachoma matawi. Nilimwagia maji, naapa nilimwagia. Niliporudi nyumbani kula... Halafu wewe ukaanza kusema ni mizinga. Nina watoto. Nikanyamaza."

Uso wa Mwenyekiti ulibadilika rangi. Fimbo ilimwinamia mkononi. Hii ndiyo dakika ambayo Mama Kitalu aliingoja, na hotuba yote ndefu aliyoiandaa barabarani ilimtoka kichwani, likabaki neno moja tu.

"Sasa, Mwenyekiti," akasema, "nani avae suruali?"

Walicheka. Walicheka wale wale, kwa sauti ile ile, na yule wa mwavuli ndiye aliyecheka zaidi. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Kiberiti mpya!" na kicheko kikapanda tena. Mwenyekiti alitazama buti zake. Ilikuwa tamu. Asiwepo wa kusema haikuwa tamu. Mama Kitalu alihisi mwili mzima umekuwa mwepesi, na akageuka kumtafuta mumewe ili naye aonje.

Mume alikuwa ameweka kreti chini. Alisimama kwenye mti wa karibu, anapapasa gome, mbele kisha nyuma, mbele kisha nyuma. Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kuyashughulikia.

Mshauri alitaka kuokoa shughuli. "Jamani, msicheke," akasema. "Kosa hili liko kila mahali, hata mimi nililifanya nilipoanza. Kilicho muhimu ni kujifunza. Mama huyu nilimwonyesha mara moja tu, wiki saba zilizopita, kwenye mti ule ule pale mpakani, na akaelewa papo hapo. Tukipata wenye misitu kama yeye, hatuna wasiwasi."

Wachache walipiga makofi. Mkono wa mume ukasimama kwenye gome.

* * *

Alasiri hiyo Mwenyekiti alikuja nyumbani kwao peke yake. Hakukubali kiti. Alisimama katikati ya sebule yao ndogo, kofia mkononi, akasema kwamba jina lao ndilo la kwanza kwenye orodha mpya, na kwamba mkanda wa kuzuia moto utakatwa upande wake yeye, hatua thelathini, hata kama itabidi ang'oe miti aliyopanda na marehemu. Alisema na mengine, mengi ya hayo hayakukamilika.

"Kaa, Mwenyekiti," mume akasema.

"Nilikuharibia jina."

"Hukujua. Mimi mwenyewe niliamini, nitakulaumu wewe vipi? Kaa." Alisubiri hadi mgeni akakaa, ndipo akamgeukia mkewe. "Wiki saba?"

Mama Kitalu alikuwa na jibu. Alikuwa nalo tangu siku ya kwanza. "Nilitaka wajue wote. Ningekuambia, ungekimbilia kwake, mngeyamaliza wawili, na mtaani wangekuita Kiberiti mpaka unakufa."

"Ni kweli ningekwenda kwake."

"Umeona?"

"Na wangeniita," mume akasema. "Lakini mimi ningekuwa najua si mimi. Wao waite wanavyotaka. Mimi ningekuwa najua."

Dirishani mama mkwe aliacha kuchambua mboga. Mara hii masikio yake yalisikia kila kitu. Mwenyekiti akainuka, akasema kwa sauti ndogo kwamba atasubiri nje, akapita akiwa ameinamisha macho ili asimtazame Mama Kitalu usoni. Macho hayo ndiyo Mama Kitalu alikuwa amepania mwaka mzima kuyaona yakiinama. Sasa yaliinama kwa kumhurumia yeye, na lilimuuma hilo kuliko kicheko chochote walichowahi kuchekwa.

"Siku ya mizinga," mume akasema, "nilikuwa juu. Sikuuona uso wako. Ulikuwa unawaza nini?"

Uongo ulikuwepo, tena mzuri: nilitaka kukuambia nikaogopa utaanguka. Lakini mume alikuwa anamtazama kwa uso ule ule wa mtu aliyeambiwa amechoma msitu akakubali, na hata hili angekubali. Mama Kitalu akashindwa.

"Niliwaza itamuuma zaidi," akasema. "Mwenyekiti. Watu wakijua uliacha hata nyuki."

Mume aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeuliza njia akaelekezwa. Hakugomba. Akachukua kofia yake msumarini, akatoka.

Uani sauti ya Mwenyekiti iliuliza mkanda uanzie wapi, na sauti ya mume, ile ya zamani ambayo haikusikika katika nyumba hiyo kwa mwaka mzima, ikajibu kwamba uanzie kijitoni, twende nikuonyeshe. Wakaondoka bega kwa bega. Mama Kitalu aliwafuata hadi mlangoni, akamwita mumewe, akamwita tena kwa nguvu zaidi.

Aliyegeuka alikuwa Mwenyekiti.